Bendera Iliyotangulia Ujumbe

Jumatatu, 24 Februari
Ijumaa Madam Nasimiyu, mwalimu wa klabu yetu ya sayansi, atachagua mradi mmoja wa kwenda mashindano ya sayansi mjini. Mmoja tu! Waithaka ana roboti inayofagia darasa. Mimi nina mfumo wa uendeshaji niliouandika mwenyewe, kwenye kompyuta kuukuu kutoka soko la Ngara. Kwanza unaweka ujumbe kwenye kumbukumbu, kisha unainua bendera, yaani alama ya kuiambia skrini: tayari, soma. Skrini inasema KARIBUNI. Polepole, lakini inasema. Jioni nimeiamuru kompaila, ile programu inayogeuza maagizo yangu kuwa lugha ya mashine, itafute kasi yote iliyopo. Waithaka kwisha!

Jumanne, 25 Februari
Skrini imesema #@@%#. Mbele ya klabu nzima! Na sijabadilisha agizo hata moja. Waithaka akauliza, "Profesa, kwani hiyo kompyuta imekula githeri ya jana?" Wakacheka. Hata Joyline, rafiki yangu wa pekee. Mimi hujibu humu, shajarani. Ni hujuma. Waithaka alikaa karibu na kompyuta yangu wakati wa chai.

Jumatano, 26 Februari
Mtego. Wakati wa chakula nilijificha chini ya meza ya maabara. Waithaka akaja, akaifuta roboti yake vumbi, akaondoka. Mjanja sana! Nikitoka nikagonga kichwa. Madam, mlangoni, akauliza nafanya nini huko. Nikasema nasali. Akasema niwaombee na kidato cha kwanza, wana mtihani kesho.

Alhamisi, 27 Februari
Ushahidi! Nimefungua lugha ya mashine yenyewe. Bendera inainuliwa kwanza, ujumbe unafuata! Skrini inasoma mahali patupu. Mimi sikuandika hivyo. Nikampelekea Madam, nikamtaja Waithaka kwa jina.

Madam alicheka hadi akavua miwani. Akasema mhalifu ni kompaila. Niliitaka kasi, na kwa macho yake mistari yangu miwili haihusiani, basi ikaipanga ilivyopenda. Haijui kuna skrini inayosubiri bendera. Dawa ni kizuizi: mstari ambao mashine haiutendi kabisa, ila kompaila ikiufikia haina ruhusa ya kuvusha jambo la kumbukumbu upande huu wala ule. Kimoja tu, akasema, hapo katikati, maana kila kizuizi huipunguzia kompaila nafasi ya kutafuta kasi.

Nimeweka. KARIBUNI! Nilipiga kelele. Mimi!

Kwa usalama nimeweka kingine baada ya kila mstari. Jumla mia mbili na kumi na vinne.

Ijumaa, 28 Februari
Nimechaguliwa! Madam alisema roboti ni nzuri, lakini hajawahi kuona mwanafunzi wake akiandika mfumo mzima. Waithaka akanipa mkono: "Umetuweza, Profesa." Nikaviambia viatu vyake asante. Mama amenipikia chapati na kuwapigia simu shangazi wote hadi Machakos.

Jumamosi, 1 Machi
Mazoezi. KARIBUNI imetokea, sahihi kabisa, lakini kwa kujikokota vilevile kama Jumatatu. Madam akauliza niliweka vizuizi vingapi. Nikasema vya kutosha. Akashika kichwa. Sijui kwa nini, maana hilo silo swali. Swali ni hili: Waithaka, aliyebeba skrini yangu asubuhi bila kuombwa, ameipeleka wapi kasi yangu?