Mbasa wa Baba Mkwe

Jumanne, 17 Machi 2026

Mvua kubwa, usiku kucha. Asubuhi mto umejaa, maji mekundu kama uji wa ulezi. Simu kutoka Mkumbi, huko milimani: baba mkwe, Mzee Ildefonsi, ananiita Ijumaa tuzungumze habari za Edina. Mwezi wa pili sasa mke wangu yuko kwao. Kisa, nililisha kuku mbegu yake ya mahindi iliyotiwa dawa. Kuku walikuwa na njaa! Tena walikufa wote, mfiwa ni mimi.

Sipandi Mkumbi mikono mitupu. Ijumaa ya Kwaresima, nyama hailiwi. Nitapeleka samaki, mbasa mbichi. Msimu huu wanatoka ziwani kupanda mto kutaga. Mbasa mkubwa akilala mbele ya wakwe, nani atataja kuku?

Jumatano, 18 Machi

Kijiji chetu kizima cha Lundo kinamuuliza jirani yangu Valentino kama mto unavulika. Yeye hutazama maji, kisha humpigia shangazi yake huko milimani kumuuliza kama kunanyesha. Uvivu! Mto uko hapa, shangazi yuko Mbinga.

Mimi nina kipimo. Nazamisha sahani ya harusi ya Edina, nyeupe, yenye ua katikati. Ua likionekana kwenye maji ya magoti, mto umetulia. Leo halikuonekana. Valentino alitega pembeni penye maji yaliyopoa, akapata mbasa watatu. Bahati tu. Nimeazima wavu wake mmoja.

Alhamisi, 19 Machi

Ua limeonekana! Jua kali, anga safi. Mchana Valentino akatoa nyavu zake zote mtoni. Akasema kwa shangazi ni mvua tupu, na mimi nisitege. Nikamwonyesha anga. Akanitazama kwa huruma. Sipendi kuhurumiwa na Valentino.

Halafu Edina mwenyewe akapiga! Mara ya kwanza tangu aondoke. Alisema kwao mvua haijakatika tangu jana, maharage yamelala, kijito kimepita juu ya daraja, na mimi nijihadhari. Nijihadhari! Mwanamke hamwambii hivyo mtu aliyemchoka. Nimekwenda kutega machozi yakinilengalenga.

Ijumaa, 20 Machi

Mto umemeza ukingo. Unapita na magogo na migomba mizima. Wavu hakuna. Sahani niliyoifunga kwenye kigingi hakuna, wala kigingi. Na hapa Lundo usiku huu halijadondoka tone! Nimekaa kwenye tope nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Valentino hakuuliza wavu. Akanipa mbasa mmoja aliyembanika juzi, nimpelekee mama mkwe. Nilimpokea kwa uchungu, lakini nilimpokea.

Mkumbi nikampa mzee shikamoo, nikatangaza kwamba samaki huyu nimemvua leo asubuhi kwa mikono yangu. Akamnusa. Akauliza kama siku hizi huko ziwani mbasa wanatoka majini wakiwa wamebanikwa. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Edina akauliza kama jana hakuniambia habari za mvua. Nikajibu ukweli: nilifurahi mno kusikia sauti yake, maneno sikuyashika. Akatazama pembeni, akajifuta macho kwa kanga. Mzee akasema nirudi Lundo, binti yake atatoa jibu mwenyewe.

Jumapili, 22 Machi

Edina amepiga baada ya misa. Anarudi! Kesho anapitia Kitai kuchukua mbegu mpya, mzigo mzito. Anataka anikute pale saa nne. Sitaki samaki, akasema, sitaki zawadi, nakutaka wewe. Nisipokuwepo anapanda gari la kurudi kwao, na hatapiga simu tena.

Nimepiga magoti nikamshukuru Mungu. Nyumba bila Edina ni kuta tu. Nimefagia, nimechota maji, nimeshuka mtoni kutazama. Maji yametulia, changarawe zinaonekana mpaka chini! Mke wa ndoa hapokelewi hivi hivi. Kesho asubuhi natega kwanza, kidogo tu, kisha ndiyo Kitai. Basi la alfajiri, linalofika Kitai saa tatu, litaniacha, lakini malori hayakosekani.

Hiyo saa nne aliirudia mara kadhaa. Ni hamu tu, maskini.