Rangi ya Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe anakuja! Maame Dufie mwenyewe, kutoka Mampong, kuja kumwogesha mjukuu. Akyaa, mke wangu, ameniagiza nipake rangi chumba cha wageni. Rangi ya maziwa, kasema, isiyoumiza macho. Nimeitikia kwa adabu. Moyoni: Ofosu, tumia akili! Mara ya mwisho alikaa mpaka nikasahau kiti changu kina umbo gani. Nyimbo za kanisa kabla jogoo hajawika. Mchi wa kutwangia mihogo ya fufu mikononi mwangu kila jioni, naye kasimama pembeni, eti natwanga kama mgonjwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Nyekundu iliyoiva, na mstari mweusi chini ya ukuta. Hapa Kumasi hizo ni rangi za msiba. Nani atapata usingizi humo? Atashtuka, atarudi Mampong mchuzi haujapoa. Mwenye duka la rangi kanipa pole, akauliza marehemu ni nani. Nikamwambia bado hatujajua.

Jumatano, 6 Machi
Nimemaliza. Inatisha! Mlango nimeufunga kwa ufunguo. Akyaa kataka kuona. Nikasema harufu itamdhuru mtoto. Akakaa kando yangu, akasema taratibu kwamba mama yake safari hii anakuja na moyo mzito. Mtu akimuudhi hata kidogo, yeye Akyaa atambeba mtoto waondoke wote na bibi yake. Kasema hayo akinitazama mimi! Nimekimbilia dukani kutafuta rangi ya maziwa. Pamefungwa. Sikukuu ya uhuru, mji mzima uko barabarani unapeperusha bendera. Binti yangu hata jina langu hajaanza kulitamka. Ofosu, umekwisha.

Alhamisi, 7 Machi
Kafika asubuhi, duka halijafunguliwa. Kanipokonya ufunguo, kafungua mlango. Yowe! Jirani yangu Tweneboa, asiyekosa msiba wa mtu, akaja mbio na viti vya plastiki, anauliza nani katutoka. Akyaa kasimama mlangoni, mtoto mgongoni, ananitazama. Nikaanza kuhesabu viti.

Ndipo Maame Dufie akanikumbatia. Akawaambia wote kwamba tangu mumewe afariki Krismasi, watoto wake wa kuwazaa wanamhimiza asahau, asilie, acheke na wajukuu. Mkwe wake tu ndiye aliyekumbuka kwamba bado yumo matangani. Na kweli, alikuwa kavaa nyeusi tupu! Mazishini nilikuwepo, nikala wali mpaka nikalegeza mkanda, halafu nikasahau kabisa!

Akaangua kilio. Nami nikalia, tena kwa sauti. Kilio changu kilikuwa cha nafuu tu, ila nani atajua? Mke wa Tweneboa kamuuliza mumewe yeye amempakia mama mkwe wake rangi gani tangu waoane. Tweneboa kakusanya viti vyake, kaondoka. Ee Mungu, asante!

Ijumaa, 8 Machi
Akyaa hajaenda popote. Mtoto kanikojolea, nikafurahi. Akyaa anasema haniamini hata chembe, lakini hataniuliza. Jioni nimepewa paja la kuku.

Maame Dufie katangaza kwamba alikusudia kuondoka Jumapili. Sasa, kwa kuwa amepata chumba kinachomwelewa, atakaa mpaka amalize mwaka wa matanga na kuvaa nyeupe. Nikamwambia karibu mama, hapa ni kwako. Paja la kuku likanishinda.

Jumamosi, 9 Machi
Nyimbo. Mchi. Kiti changu kakikalia.

Lakini nimefikiri! Matanga huisha kwa nyeupe, si ndivyo? Ndoo ya rangi nyeupe nimeificha uvunguni. Kesho akienda kanisani, napaka. Atarudi atakuta mwaka umeisha. Safari hii sikosei! Mwenye duka kanipa hongera, akauliza tunasherehekea nini. Nikamwambia bado hatujajua.