Saa Moja Kutoka Kiwanja hadi Kiwanja

Jumatatu, 6 Mei
Katika ukoo huu hakuna jambo kubwa linalofanyika bila mimi. Leo dada kaniita rasmi. Binti yake, mpwa wangu, muuguzi, kapata kazi nje. Ijumaa atatua kiwanja cha ndege cha zamani saa tano asubuhi, kisha apande ndege kubwa kiwanja kipya saa kumi na moja jioni. Akiikosa, nafasi anapewa mwingine. Dada kauliza kati ya kiwanja na kiwanja ni mwendo gani. Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa teksi, kasema saa nne, kuna mlima. Mimi nikasema saa moja. Mtu anayejua hasitisiti.

Jumanne, 7 Mei
Kinyozi ana ramani ukutani. Nimechukua uzi wa mama watoto, fundi cherehani, nikaunyoosha kiwanja hadi kiwanja. Urefu uleule wa kutoka kwetu hadi kwa wakwe, na kwa wakwe ni saa moja. Mteja mmoja kauliza, na mlima je? Nikamwambia uzi umepita juu yake bila taabu. Wakacheka. Kijicho tu. Nimewaahidi Ijumaa mpwa atapita hapo tule naye mchana, awaage. Muda upo tele.

Jumatano, 8 Mei
Jaribio. Nimedandia gari la mikate linalokwenda kiwanja kipya. Saa tano nzima. Nikatoa muda wa kushusha mikate. Nikatoa foleni, maana Ijumaa haitakuwepo. Nikatoa mlima, maana kupanda kunalipwa na kushuka. Ikabaki saa moja na ushee. Huo ushee ni wa dereva, anaendesha kama kabeba mayai.

Alhamisi, 9 Mei
Shemeji kamwambia dada asinisikilize, eti napima barabara kwa uzi. Nikamkumbusha dada kwamba mjomba ni mama wa kiume. Dada kasema haya, ongoza wewe. Ushindi.

Ijumaa, 10 Mei
Teksi ya shemeji, uongozi wangu, watu watatu tu: yeye, mimi na mpwa. Kwa kinyozi tulikaa kidogo tu: chakula, picha, hotuba yangu. Mpwa alitazama saa kuliko sahani. Akasema, kwa heshima zote mjomba, twende. Saa nane tukaondoka.
Mlimani malori yamefuatana kama siafu. Saa kumi tuko palepale. Mpwa akaanza kulia kimyakimya kiti cha nyuma. Shemeji akampa leso, mimi akanipa maji ya kunywa. Heri angenitukana.
Tumefika saa kumi na mbili. Mlinzi wa getini kasema ndege hiyo imechelewa, ndiyo kwanza inatua. Mpwa kamkumbatia shemeji. Mimi kanipungia mkono huku anakimbia.

Jumamosi, 11 Mei
Kafika salama. Mtaani nimeeleza vizuri: hesabu yangu haikukosea, ndege ndiyo iliyokosea. Mwezi ujao mama mkwe anasafiri njia hiyohiyo. Nimemwambia mke wangu asihangaike, saa moja inatosha. Safari hii nitatoa pia kule kusimama mara nne kwenye kona za mlima, maana kulisababishwa na abiria mmoja kutapika.
Mpwa hakutapika. Shemeji naye hakutapika.