Uyoga Huu UNALIKA

Waongo wengi wameua biashara zao kwa uongo. Bwana Kuramitsu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyekaribia kuiua ya kwake kwa kusema ukweli mtupu, tena mbele ya wageni, na mimi nimesimama pale na sinia mkononi.

Mimi ni Tokie. Nimefanya kazi katika nyumba yake ya wageni hapa Yunosawa miaka ishirini na sita. Natandika magodoro, napanga kandambili mlangoni, napeleka chakula vyumbani. Kwa hiyo nasimulia niliyoyaona, si niliyohadithiwa.

Nyumba aliijenga babu yake, maji ya moto yanatoka mlimani, na kazi yote anafanya mkewe, Bi. Sayoko. Bwana mwenyewe alibakiwa na shughuli moja: kukaa kwenye meza ya mapokezi na kujua Kiingereza. Na alikijua kwa kishindo! Akimwona mtalii kituoni alimsalimia kwa sauti iliyowahamisha njiwa kutoka paa moja hadi jingine. Mtalii akijibu tu, Bwana anakumbuka kwamba kuna mahali anasubiriwa.

Mwezi wa tisa ikaja barua. Kampuni moja ya utalii ya Uingereza ilikuwa inatafuta nyumba moja katika bonde letu ya kuletea wageni kila wiki. Wangekuja kuangalia mbili: yetu, na ile ya ng'ambo ya mto yenye lifti. Bi. Sayoko aliisikiliza barua ikisomwa mpaka mwisho, akavua aproni, akaikunja.

"Baba Mitsue," akasema, "baridi iliyopita tulikuwa na vyumba kumi na viwili na wageni watatu. Tukiwakosa hawa, mwezi wa tatu tunafunga. Naomba tumlete mkalimani kutoka mjini."

"Mkalimani wa nini na mimi nipo?"

"Ndiyo maana nikasema mkalimani."

Bwana alinuna kuanzia chai ya asubuhi mpaka ya jioni. Mwishowe mkewe akalegeza kamba, ila kwa sharti: akiwapata Waingereza, meza ya mapokezi ni yake mpaka azikwe. Akiharibu, meza anaikalia yeye Bi. Sayoko, na mumewe anashika brashi ya kusugua mabwawa ya kuogea wageni.

"Anza kunitafutia mto wa kukalia pale mezani," Bwana akasema. "Nitakaa sana."

Ili ajinoe, akajiandikisha kwenye darasa la Jumatano mchana pale ukumbi wa mji, linalofundishwa na Mwalimu Hirabayashi, mama mmoja mstaafu mwenye miwani ya kamba. Akanichukua na mimi, ambaye Kiingereza nilikisikia kidogo kwa wageni bila kujua kukisoma. Si kwamba alitaka nijue Kiingereza. Alitaka mtu wa kumpigia makofi.

Jumatano ya tatu, Mwalimu akaandika ubaoni neno dogo sana: do. Akasema Kiingereza kina vineno vya namna hiyo, watumishi wa kitenzi. Siku zote vinapita kimyakimya, kama mimi na sinia langu. Lakini mtu akitaka kutia mkazo, anamwita mtumishi mbele ya watu na kumkazia sauti. Ukisema napenda supu, umesema tu. Ukiingiza do na kuikandamiza, umesema NAPENDA supu. Na vingine vivyo hivyo: mvua ITANYESHA, mlango NIMEUFUNGA.

Bwana Kuramitsu akasimama kama aliyeitwa na mababu.

"Judo!" akasema. "Kendo! Kwetu do ni njia, ndugu zangu. Kumbe Waingereza nao wana njia yao, na wameificha kwenye sarufi!"

"Wao hutamka du," Mwalimu akasema. "Na sijamaliza."

"Aliyefika haombi ramani, Mwalimu. Tokie, twende."

Sikwenda. Nje kulikuwa na upepo, na Mwalimu alikuwa ameleta biskuti za ufuta. Ndiyo sababu mimi, mtumishi, nikaipata nusu ya pili ya somo ambayo bosi wangu aliikimbia.

"Sasa muwe waangalifu," Mwalimu akasema. "Huu ni mkazo wa kujibu. Unautumia pale mtu alipokubishia au alipokuwa na shaka. Ukiukaza kabla hujabishiwa, msikilizaji atajiuliza ni nani aliyebisha, na alikuwa na sababu gani."

Jioni ile ile nikamfuata Bwana pale mezani. "Bwana, kuna nusu ya pili."

"Tokie, nilikupeleka kupiga makofi. Je, ulipiga?"

"Bwana, ukiitumia bila kubishiwa..."

"Ulipiga au hukupiga?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaenda zangu kukunja mataulo.

Akaanza mazoezi nyumbani, tena kwa lugha yetu wenyewe, ili mkazo umzoee. Asubuhi moja, katikati ya wali na samaki, akamtazama mkewe. "Mke wangu," akasema, "NAKUPENDA."

Bi. Sayoko akaweka vijiti vya kulia chini. "Nani amesema hunipendi?"

"Hakuna."

"Basi umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. SIJAFANYA."

Kwa siku mbili Bi. Sayoko alikagua mifuko ya makoti ya mumewe, ya kiangazi na ya baridi. Mimi nikaulizwa, kwa upole sana, kama yule mjane mpya wa posta ni mtu wa namna gani. Ungedhani Bwana angejifunza hapo. Yeye alisema mkewe ameguswa.

Wageni wakaja mwezi wa kumi, majani ya mlimani yakiwa mekundu. Walikuwa mtu na mkewe. Bi. Ormerod alikuwa mrefu, mkavu, na daftari lake halikutoka mkononi. Mumewe alikuwa mnene na mpole, na alinusa hewa ya jikoni kabla hajatazama mandhari. Nikampenda papo hapo.

Wakavua viatu mlangoni, kama kila mtu. Bwana akaviweka kwenye kabati, akawageukia, akavuta pumzi.

"Viatu vyenu," akasema kwa Kiingereza, "MTAVIPATA."

Bwana Ormerod akageuka kuviangalia mara mbili tukiwa tunapanda ngazi, kama mtu anayemwacha mtoto chekechea siku ya kwanza.

Chumbani, Bwana akafungua mlango kwa mikono miwili. "Humu TUMEFAGIA," akasema. "Mashuka TUMEYAFUA." Bi. Ormerod akainama, akainua pembe ya shuka, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Na humu," Bwana akaongeza kwa fahari, "HAJAFA mtu."

"Kuna mtu amesema amekufa mtu?" Bi. Ormerod akauliza.

Bwana akafurahi kuona mazungumzo yanakua. "Hakuna," akasema. "HAKUNA."

Bi. Ormerod akaandika kitu kwenye daftari. Mumewe akalisogeza sanduku lao mbali kidogo na ukuta.

Tukashuka kwenye mabwawa. "Maji TUNAYABADILISHA," Bwana akatangaza.

"Lini?" akauliza Bwana Ormerod, taratibu.

"TUNAYABADILISHA."

Wakanawa miguu tu, wakasema wametosheka.

Iliniuma, sifichi. Mashuka yale niliyafua kwa mikono yangu hii na kuyaanika juani. Maji yale yanatiririka kutoka mlimani usiku na mchana, hayahitaji mtu wa kuyabadilisha. Hakuna neno hata moja alilosema Bwana ambalo lilikuwa uongo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa kizuri chetu kilikuwa kinatembezwa mchana kutwa mpaka kikaanza kunuka.

Ikabaki chakula. Chakula chetu hakijawahi kushindwa. Palikuwa na samaki wa mtoni wa kuchoma kwa chumvi, mboga za kachumbari, na chungu cha supu ya uyoga aliouchuma mpishi mwenyewe asubuhi ile. Nikapanga kila kitu mbele yao. Bwana Ormerod alikuwa keshashika bakuli, macho yake yanang'aa.

Bi. Sayoko akapiga magoti mlangoni, akainamisha kichwa, akasema yale anayosema kila mwenyeji mwenye adabu katika nchi hii: "Hakuna chochote cha maana, lakini karibuni." Mtu wa kwetu akisikia hivyo anajua ameandaliwa karamu, mate yanamjaa. Bwana akayatafsiri neno kwa neno.

"Mke wangu anasema hakuna chakula."

Nyuso mbili zikaanguka. Bwana akaona kazi imempata.

"Lakini KIPO!" akasema. Akanyoosha kidole kwenye bakuli la mgeni. "Na uyoga huu UNALIKA. Mpishi wetu ANAUJUA uyoga. Mwaka jana, wageni wote asubuhi WALIAMKA."

Bakuli lilikuwa limeshafika mdomoni mwa Bwana Ormerod. Nikaliona likishuka, polepole, mpaka likatua kwenye sinia. Mkewe akaweka vijiti kando yake, sambamba, akafunga daftari. Mtu akifunga daftari, kaka yangu, ujue ameshaandika anachotaka.

Bi. Sayoko hajui Kiingereza, lakini anaijua sura ya mtu aliyekatazwa supu. Akaninong'oneza, "Tokie, amewaambia nini?"

"Amewaambia uyoga unalika."

"Si ni kweli unalika?"

"Ni kweli, Bibi. Hiyo ndiyo shida."

Hapo akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka ishirini na sita. Alijivuta kwa magoti mpaka kwenye sinia, akachukua bakuli la mgeni, la mgeni mwenyewe, akalinywa. Kwetu hilo ni aibu ya kwenda nayo kaburini. Mama mkwe wake angekuwa hai angemrudisha kwao siku hiyo hiyo. Yeye akanywa mpaka chini, akatafuna uyoga, akafumba macho. Kisha akachukua bakuli safi, akalijaza kutoka chungu kile kile, akampa Bwana Ormerod kwa mikono miwili, akasema neno la pekee la Kiingereza alilokuwa nalo.

"Gudi."

Bila kukaza wala kuapa. Bwana Ormerod akamtazama, akatazama bakuli, akanywa. Akanywa la pili. Kufikia la nne, mkewe naye alikuwa ameomba lake.

Bwana Kuramitsu akavuta pumzi ya kuongeza neno. Bi. Sayoko, akiwa bado anawatabasamia wageni, akasema kwa lugha yetu bila kugeuza shingo: "Baba Mitsue, ukiufungua huo mdomo, uufungue kwa kula."

Akala, lakini kesho yake asubuhi, gari la wageni likiwa limeshawashwa, alitoroka mikononi mwetu akakimbilia dirishani kwao. "MTARUDI!" akawaambia. "MTARUDI!" Dereva aliondoka kwa mwendo ambao barabara yetu ya mlimani hairuhusu.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Sote tukakusanyika mezani, maana msomaji wa Kiingereza alikuwa ni yeye peke yake. Bwana akaifungua, akapitisha jicho, uso ukachanua.

"Wanasema supu WALIIFURAHIA! Wameweka do! Do ya wakati uliopita, mnaona? Hawakusema tu, wamekaza!"

"Bwana," nikasema, "katika ile nusu ya pili, Mwalimu alisema Mwingereza akikuambia supu ALIIFURAHIA, uulize habari za vitu vingine."

Aliendelea kusoma kimya, na kadiri macho yalivyoshuka ndivyo mabega yalivyoshuka nayo. Alipofika chini akaikunja barua.

"Wamekubali," akasema. "Wageni watakuja kila wiki, kuanzia mwezi wa pili."

Mpishi akapiga makofi. Mimi nikalia kidogo, sioni haya kusema. Bi. Sayoko hakulia. Alinyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunjua.

"Na hapa chini wanasema nini?"

"Salamu tu."

"Mbona salamu zimepigwa mstari?" Akaweka kidole juu ya neno moja. "Hili nalijua. Miezi miwili umenichorea kwenye unga, kwenye ukungu wa dirisha, mpaka kwenye mgongo wa samaki. Si ndiyo do yako? Si uliniambia anayeitumia hataki ubishi?"

"Ni..."

"Soma, Baba Mitsue."

Akasoma, kwa sauti ambayo isingemhamisha hata njiwa mmoja. "Wageni wetu wapokewe na mama mwenye nyumba. Bwana asiwaelezee kitu chochote." Akafika kwenye kile kineno chini ya kidole cha mkewe. "TUNAOMBA."

Meza ya mapokezi siku hizi inakaliwa na Bi. Sayoko, kwenye mto ule ule alioagiza mumewe. Waingereza wanaingia, anainama, anawaambia "Gudi," nao wanalala usingizi wa pono. Bwana anasugua mabwawa, mguu peku, suruali imekunjwa magotini.

Jana wageni wakiwa njiani kutoka kituoni, Bi. Sayoko alipaza sauti kuelekea mabwawani. "Baba Mitsue, bwawa la wanawake umelisugua?"

"Nimelisugua," ikaja sauti.

Bi. Sayoko akaendelea kupanga funguo. Nilidhani yameisha. Halafu, baada ya kitambo, bila mtu yeyote kumuuliza, sauti ikaja tena.

"NIMELISUGUA."

Bi. Sayoko akaweka funguo chini, akavaa kandambili, akaenda kuangalia mwenyewe. Brashi ilikuwa kavu.