Chapa ya Mzee Loishiye Kwenye Kompyuta za Ofisi

Jumapili, 1 Juni

Nimeanza kuandika kwa sababu sina wa kumweleza. Maryamu, mke wangu, nimemchosha. Kasema mwenyewe. Basi karatasi inisikilize, haina pa kukimbilia.

Mimi, Sadala Hiza, ni Kaimu Mkuu wa Ofisi ya ushirika wetu wa wafugaji na wakulima, hapa Handeni. Kaimu! Miaka sita sasa nakaimu. Mkuu niliyekuwa namkaimia alistaafu, akarudi kwao, akaoa mke wa pili, na mimi bado nakaimu. Kwenye kibao cha mlangoni neno KAIMU ni kubwa kuliko jina langu. Fundi alisema ndivyo alivyoagizwa.

Alhamisi bodi inakaa kuchagua Mkuu kamili. Jumamosi ni Idd, na Idd huwa tunakula kwa baba mkwe, Mzee Ukasha, kule Old Korogwe. Kila Idd, mashemeji wote wamekaa, pilau haijateremshwa, ananiuliza lile lile: "Mkwe, bado unakaimu?" Halafu anacheka peke yake, wengine wanatazama mkeka. Safari hii nimemwahi. Nimempigia simu nikamwambia, baba, Idd hii naja kamili. Ulimi huu! Sasa sina budi.

Kikwazo kipo kimoja tu. Kinaitwa Sipora.

Jumatatu, 2 Juni

Sipora ni karani wa masijala. Binti wa kifugaji, katoka chuo juzijuzi, anaongea polepole kama mtu asiyedaiwa na dunia. Wiki iliyopita alipanga ikoni kwenye kompyuta zote za ofisi. Mahesabu kushoto, mifugo kulia, mazao katikati, kila folda na rangi yake. Bi Fatu, mhasibu wetu, zamani alikuwa ananiita kila akipoteza faili. Sasa haniiti. Hata chai hanikaribishi. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Loishiye, alipita akaona, akasema binti huyu ana kichwa. Kasema mimi nimesimama pale pale!

Nikasema hapana, hili halivumiliki. Leo nimefika ofisini kabla ya mfagiaji. Nimefungua mashine ya Sipora nikavuruga ikoni zote. Mahesabu nimeyapa picha ya bahasha. Barua nimezipa picha ya kikokotoo. Rejista ya mifugo nimeisukumia chini pembeni kabisa. Nikarudi mezani kwangu kusubiri kilio.

Kakaja, kakanisalimia, kakaketi, kakafanya kazi. Kilio hakuna. Nimepita nyuma yake mara kibao nikijidai natafuta stepla. Kumbe haangalii ikoni kabisa! Anaandika herufi mbili tatu kwenye kile kisanduku cha kutafutia, programu yenyewe inafunguka. Nani kamfundisha? Baadaye akaniambia kwa upole wake ule kwamba kaka Sadala, naona kuna mtu kachezea mashine yangu, labda ni paka. Ofisi hii haina paka. Anajua, na ananionyesha kuwa anajua.

Jumanne, 3 Juni

Nimeachana na Sipora, nimemgeukia Bi Fatu. Mbinu safi kabisa. Unaipiga picha skrini yake ikiwa na ikoni zote. Kisha unaficha zile ikoni, na ile picha unaiweka iwe mandhari ya nyuma. Kwa macho kila kitu kipo. Ukibofya, unabofya picha ya ukutani. Bi Fatu atahangaika, ataniita, nitatengeneza mbele ya wanachama, atasema bila Sadala ofisi hii imekufa, na maneno yatafika kwa bodi. Bi Fatu maneno hayamkai mdomoni, hilo nalijua.

Akabofya. Akabofya tena. Akaigonga mausi mezani, akaipuliza tumboni, akaitukana Kizigua. Mimi nimekaa mkao wa kuitwa, kola nimeinyoosha. Aliniita? Thubutu! Alichomoa waya ukutani, akasema mashine imechoka na yeye amechoka, akaenda kwake kupika. Wanachama wake wote wakaletwa kwangu. Nimeshinda nikisikiliza shida za watu mpaka masikio yameuma.

Na hilo lina nafuu. Lisilo na nafuu ni kwamba nilikuwa nimeijaribia kwanza kwenye mashine yangu, nikasahau kurudisha. Jioni nimebofya rejista mpaka kidole kikauma. Aliyekuja kuniondolea ni Sipora. Akaiondoa ile picha, akarudi masijala. Bora angenicheka nikajua moja.

Jumatano, 4 Juni

Leo nilikuwa naoga, akili ikanijia na maji. Kwa nini nahangaika na makarani? Anayechagua ni bodi, na bodi ni Mzee Loishiye. Mzee Loishiye anapenda nini hapa duniani? Ng'ombe zake. Na ng'ombe zake zinajulikana kwa nini? Kwa chapa. Duara moja, mikia miwili inaning'inia chini. Mfugaji yeyote wa tambarare hii anaijua hata akiwa mbali.

Nikaomba ruhusa ya dharura, nikaenda na simu yangu mnadani, ambako ng'ombe zake zilikuwepo. Ng'ombe hawajui kupigwa picha. Wa kwanza kanigeuzia mkia. Wa pili kanipiga teke la paja, suruali ya kikao imeingia samadi mpaka mfukoni. Wa tatu, Mungu ambariki, alitulia, na chapa ikatoka vizuri.

Nimeisafisha ile picha kwenye kompyuta, nikaondoa manyoya, ikabaki duara na mikia. Kisha, mashine moja baada ya nyingine, nimebadilisha ikoni. Mahesabu, chapa ya mzee. Mifugo ya ushirika, chapa ya mzee. Ghala, majosho, malambo, yote chapa ya mzee. Pipa la taka peke yake ndilo nililoliacha kama lilivyo. Nina adabu zangu.

Sipora aliona. Akauliza kama mzee mwenyewe ameambiwa. Akasema kwao chapa ya mtu haiwekwi popote bila kumuuliza, na kwamba akitaka anaweza kumpigia simu sasa hivi. Ampigie! Ili aseme wazo ni lake! Nikamwambia masijala inamsubiri. Wivu wa binti yule utamuua. Mimi kesho ni Mkuu kamili, kibao nishamwagiza fundi.

Alhamisi, 5 Juni

Naandika usiku, Maryamu amelala.

Wazee wa bodi wamefika asubuhi, wamekunywa chai, wakaingia kuangalia ofisi. Mashine zote nimeziwasha, nimesimama pembeni, mikono nyuma. Mzee Loishiye akainama, akaiona chapa yake, akatabasamu. Uso wote ulifunguka. Kwa kitambo kile kidogo nilikuwa Mkuu kamili, na nasema kweli, nilikuwa na raha.

Nyuma yake alikuwa Mzee Saruni, ambaye uenyekiti anautaka tangu uchaguzi uliopita. Akasogea. Akatazama mashine ya kwanza, akaenda ya pili, akarudi. Akaniuliza hii inafungua nini. Ng'ombe wa ushirika, mzee. Na hii? Ghala, mzee. Na hii? Majosho, mzee. Aliuliza taratibu, na mimi najibu kwa sauti, kwa fahari, kama mtoto anayesomeshwa mbele ya wageni. Kisha Mzee Saruni akamgeukia mwenyekiti.

"Loishiye, mali zetu umezipiga chapa lini?"

Mimi nimezaliwa Handeni. Rejista ya chapa za wafugaji nimeiandika kwa mkono huu huu. Najua kuwa chapa ni jina la mwenye mali, kwamba ng'ombe mwenye chapa yako ni wako, na ukimtia chapa ng'ombe wa mwenzio umemwibia na watu watakamatana shingo. Najua vyote hivyo! Havikunijia. Nilikuwa naona pambo.

Mzee Mdoe, mkulima wa Sindeni, mtu mpole, akauliza kama na mahindi yake yamo. Mzee Saruni akaweka kidole kwenye pipa la taka, ikoni pekee isiyo na duara.

"Hapana, ametukumbuka. Hili ametuachia sisi."

Mzee Loishiye akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia mashine hizi, mzee, joto likizidi huwa zinajibadilisha zenyewe. Ikambidi mzee wa watu asimame aape mbele ya rika lake kwamba hajui lolote. Niliona aibu. Ya kwake na ya kwangu, zote zilinikaa mimi.

Sipora amerudisha ikoni zote kabla chai ya pili haijapoa. Halafu akawaambia wazee kwamba kaka Sadala hakuwa na nia mbaya, alitaka kumheshimu mwenyekiti, alikosa wa kumshauri. Ananitetea! Nilikuwa simpendi, sasa simpendi zaidi. Na "alikosa wa kumshauri" ni uongo, alinishauri mwenyewe.

Wamemchagua yeye. Mkuu wa Ofisi, kamili, bila kukaimu hata siku moja. Mimi napelekwa ghala la Sindeni, ambako hakuna kompyuta. Nimesoma barua mara mbili. Cheo changu ni Kaimu Msimamizi wa Ghala.

Jumamosi, 7 Juni. Idd

Old Korogwe. Njiani Maryamu kanisihi niseme ukweli mapema, kabla ya sinia, mambo yaishe. Nikasema nitasema. Sikusema.

Tumeketi. Mashemeji wote wapo. Nimejiandaa kwa lile swali, jibu nimelitengeneza njia nzima, kwamba wamenipandisha lakini kwa namna nyingine. Pilau ikaja. Mzee Ukasha hakuuliza. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Akanichagulia nyama, ile ya mfupa, akaniwekea upande wangu, akanigusa goti, akasema kula, mwanangu.

Bi Fatu ana dada Korogwe. Nilisahau.

Nilitamani aulize. Wallahi nilitamani aulize acheke. Nyama ile sijui ilikuwa na ladha gani.

Jumatatu, 16 Juni. Sindeni

Ghala lina magunia, panya, na milango mikubwa ya mbao isiyo na rangi. Nimekaa siku zote hizi nafikiri, na leo nimelijua kosa langu. Limenijia vizuri kabisa, nashangaa sikuliona mapema. Nilichagua mzee asiye sahihi.

Mzee Loishiye ana chapa, ndiyo maana yakazuka maneno. Mzee Mdoe hana ng'ombe hata mmoja. Hana chapa! Nani atalalamika? Yumo kwenye bodi, anakaa hapa hapa jirani, na ana sura nzuri ya kiungwana, ndevu nyeupe. Bodi inakuja kukagua ghala mwezi ujao. Nimempata kijana mchoraji, kesho anaanza. Sura ya Mzee Mdoe kila mlango, na mlango wa mbele nimesema iwe kubwa, ionekane toka barabarani.

Sipora alipiga simu kuuliza naendeleaje na kama ghala lina shida yoyote. Nikamjibu halina. Habari ya milango sikumgusia, ataiiba. Maryamu naye kaniuliza kama Mzee Mdoe ameambiwa. Wanawake hawa wanaambizana wapi? Nimemwambia zawadi haiombewi ruhusa.

Kisha nikampigia baba mkwe. Nikamwambia Idd ijayo, baba, naja kamili.