Mfadhili wa Sita

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, ikatuachia matope na baridi, na siku za baridi kahawa ya Prisca haichelewi kuisha. Kijiwe chetu kipo mtaa wa Bagamoyo hapa Tukuyu, barazani kwa Mudathiri fundi cherehani. Tunamwita Sentimita, kwa sababu hata ukimsalimia anakupima kwa macho kabla ya kuitikia. Kushoto kwake Prisca anauza kahawa na magimbi ya kuchemsha. Kwenye benchi tulikuwa wawili: Jairo mfugaji, jina la kazi Mgando, na mimi wanayeniita Karani kwa vile niliwahi kushika daftari la chama cha msingi cha chai kwa mwaka mmoja na nusu, nikaondolewa kwa heshima. Lusungu wa bodaboda alikuwa juu ya pikipiki yake, simu mkononi. Huyo tunamwita Bando. Chakula anaweza kukosa, bando hakosi.

"Wazee, tumetoka!" Bando akapiga kelele. "Tuko kwenye ukurasa wa chuo!"

"Chuo gani tena?" Jairo akauliza.

"Kile cha binafsi cha Mbeya, anakosoma Tuli. Wameandika hapa: 'Mfuko wa wafadhili wa chuo watembelea familia za wanafunzi wilayani Rungwe.' Na picha ya Baba Tuli hii hapa!"

Tulimrukia. Mudathiri aliacha cherehani na uzi ukiwa mdomoni. Kwenye picha alikuwepo mwenzetu Andongwisye wa Lufingo, mkulima wa migomba na chai kidogo, amekaa wima kama diwani mpya. Pembeni yake mama mmoja wa makamo, miwani machoni, faili mapajani. Binti wa Andongwisye, Tulinagwe, anasomea mambo ya maabara, na ada yote inalipwa na wafadhili kupitia huo mfuko. Amebakiza mwaka mmoja.

"Sofa langu hilo! Limetoka vizuri kuliko lilivyo," Mudathiri akasema.

"Na nyuma kule dirishani, ona pembe," Jairo akaongeza. "Ng'ombe wangu huyo. Kageukia kamera mwenyewe, hakuambiwa na mtu."

Nieleze hapo. Wiki iliyopita Andongwisye alikuja hapa na barua ya chuo kuwa atapata ugeni. Sasa mtu wa kwetu ukimwambia mgeni anakuja, na tena mgeni anayemsomeshea mtoto, hatulii. Nyumba ya Andongwisye ina viti viwili, na kimoja kinahitaji kuegemezwa ukutani. Kwa hiyo kijiwe kizima kilihamia Lufingo. Mudathiri alitoa sofa, Jairo akatoa ng'ombe wawili wa kisasa, Prisca akatoa vyombo vyake vya arusi, Bando akaegesha pikipiki mlangoni saa tatu nzima bila abiria. Mimi nilitoa televisheni. Imekufa tangu mwaka juzi, lakini kwa sura haina tatizo.

"Lakini hawa wafadhili mimi siwaelewi," Jairo akasema akirudi kwenye benchi. "Mtu hajawahi kumwona Tuli. Lufingo haijui iko upande gani. Analipa ada. Anapata nini?"

"Anapata thawabu," Mudathiri akamjibu. "Sisi tunaita sadaka inayoendelea. Umekufa, umezikwa, mtoto uliyemsomesha anapima damu ya mgonjwa, na wewe huko unaandikiwa."

"Mimi nikizikwa nataka kupumzika, sitaki kuandikiwa."

"Mgando, acha zako," Prisca akadakia. "Jumapili kwenye mnada wa kanisani ulimnunua kuku kwa bei ya mbuzi. Ulipata nini?"

"Yule alikuwa kuku mzuri."

"Alikuwa na jicho moja!"

"Ndiyo maana alikuwa mtulivu."

Bando alikuwa anaendelea kuperuzi. "Wazee, humu watu wanatoa vitu, sio mchezo. Kuna aliyetoa hadubini, kuna waliotoa vitanda vya bweni, huyu hapa katoa friji ya kuhifadhia damu."

"Friji!" Jairo akaruka. "Na sisi wa maziwa tunamwona nani?"

"Chuo kina lengo lake," nikasema, maana mimi ndiye msomi wa benchi. "Wanataka wahitimu warudi kwenye zahanati za vijijini. Tuli akimaliza anaweza kupangwa hapahapa Rungwe."

"Akipangwa hapa nitafurahi," Jairo akasema. "Mara ya mwisho nimetoa damu, majibu yakaja ya mama mjamzito. Na hao wafadhili wanadai nini?"

"Barua tu," Prisca akasema. "Kila muhula Tuli anaandika barua ya shukrani na kueleza masomo yanaendaje."

"Hiyo haki yao. Ng'ombe wangu nawalisha mwaka mzima, hakuna aliyeniandikia hata mstari."

Tulicheka. Bando hakucheka. Alikuwa anasoma kimya huku midomo inacheza, kisha akashuka kwenye pikipiki.

"Oya, wazee. Kuna maneno huku chini sikuyafikia. 'Lengo la ziara lilikuwa kuthibitisha hali halisi ya kila familia, ili ufadhili wa mwaka wa mwisho uende kwa wenye uhitaji mkubwa zaidi.'"

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Mudathiri aliutoa uzi mdomoni polepole.

"Yaani yule mama alikuja kuangalia kama Andongwisye ni maskini?" Jairo akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na sisi tukampelekea ng'ombe."

"Wawili. Wa kisasa," Prisca akasema, akaketi kwenye ndoo yake.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ile televisheni niliibeba mgongoni mimi mwenyewe, kilima chote kile, najiona mtu mwema. Kumbe nilikuwa nambebea mtoto wa watu barua ya kufukuzwa.

"Tuseme wezi wamevunja usiku, wakachukua kila kitu," Jairo akapendekeza.

"Wezi wabebe sofa la watu saba washuke nalo kilima cha Lufingo kwenye matope haya?" Mudathiri akamkatalia. "Hata wezi wana migongo."

"Basi tuseme amefilisika ghafla."

"Kati ya Jumatano na leo Ijumaa?"

"Kuna watu wanafilisika kwa siku moja! Si umemwona Karani?"

Hapo mwenyewe Andongwisye akatokea, mkungu wa ndizi begani, uso unang'aa kwa furaha. Aliutua mbele yetu.

"Mmelalaje? Ndaga, ndaga fijo, jamani, asanteni sana! Mgeni alikula, akashiba, akaongeza. Hizi ndizi zenu, mgawane. Mbona mmenuna? Kuna msiba?"

Prisca akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi.

"Baba Tuli, ile barua ya chuo ilisemaje?"

"Ilisema nitatembelewa."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nilipofika hapo pa kutembelewa nikaiweka chini, nikaanza kufagia."

Bando akamsomea. Andongwisye alisikiliza, akaomba asomewe tena, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa mlitaka mtu aliyemsomesha mwanangu miaka yote hii nimkalishe kwenye ndoo?"

"Ndiyo!" tukasema wote kwa pamoja.

"Hiyo ndoo ndiyo aliyokuja kuiona," Jairo akamalizia.

Mzee akainamisha kichwa. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. "Tuli alinipigia. Akaniambia, baba usihangaike, aje atukute tulivyo. Nikamwambia, we mtoto, hujui heshima. Kyala, Mungu wangu! Nimemwachisha mwanangu masomo kwa ajili ya sofa la watu."

Iliniuma. Iliwauma wote, maana hata Jairo aliacha utani, na huyo siku ya maziko ya mjomba wake hakuuacha.

"Namba ya yule mama ipo kwenye barua," Andongwisye akasema, akatoa simu yake ya batani. "Nampigia."

"Ngoja kwanza, Baba Tuli," Mudathiri akamzuia. "Tupange maneno."

"Tulipanga viti, mmeona kilichotokea. Maneno sipangi."

Akapiga, akaweka spika. Tukasogea mpaka magoti yakagusana.

"Haloo, shikamoo mzee," sauti ya mama ikaitika. "Hellen hapa, wa mfuko wa chuo."

"Marahaba, mama. Mimi Andongwisye wa Lufingo. Mama, nimekosa. Yale uliyoyaona kwangu si yangu. Sofa si langu. Ng'ombe si wangu. Vile vikombe vya maua si vyangu. Pikipiki sijui hata kuiwasha. Migomba tu ndiyo yangu. Sikutaka kukudanganya, nilitaka ukae vizuri. Mtoto hana kosa, usimhukumu yeye."

Kule ng'ambo tukasikia kitu kama kikohozi, kumbe ni kicheko kinachozuiwa.

"Mzee wangu, nilijua tangu nilipoingia."

"Ulijuaje?"

"Kwanza televisheni. Kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwako nilitafuta nguzo ya umeme, sikuona hata moja."

Wote wakanigeukia. Mimi nikaangalia magimbi.

"Pili, vitambaa vya sofa vimefumwa 'Mudathiri na Rahma', na wewe ulinitambulisha mkeo anaitwa Esnath. Tatu, ilipofika saa kumi jioni ng'ombe walikata kamba wakaondoka kwa miguu yao, hawakuaga."

"Saa ya kukamuliwa hiyo," Jairo akaninong'oneza kwa majivuno. "Wana nidhamu."

"Sasa mama," Andongwisye akauliza, "mtoto itakuwaje?"

"Mzee, niliomba maji ya kunawa, nikapitia jikoni. Hali yenu niliiona. Kwenye ripoti nikaandika hivi: familia haina uwezo, ina majirani. Kamati ilikaa jana. Tulinagwe atalipiwa mwaka wake wa mwisho."

Andongwisye akavua kofia. Alisema ndaga fijo mara nyingi sana, akahamia Kinyakyusa moja kwa moja, na yule mama akawa anaitikia tu. Prisca alijifuta macho kwa kanga. Mudathiri alijifanya anatunga uzi kwenye sindano, na sindano hakuwa nayo. Bando akapiga honi mpaka mwenye duka la jirani akatoka kuuliza kuna nini.

"Kuna jambo moja tu limebaki," mama Hellen akasema. "Kwenye fomu kuna sehemu ya watu wengine wanaomsaidia mwanafunzi. Wazazi wengi wanaiacha wazi, na wafadhili wetu wanapenda kujua hawako peke yao. Nitajie, nani alileta nini?"

Hapo sasa benchi likachangamka. Jairo akakohoa, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Jairo, ng'ombe wawili," Andongwisye akataja.

"Wa kisasa!" Jairo akapaza sauti. "Aandike wa kisasa!"

"Mudathiri, sofa. Prisca, vyombo. Lusungu, pikipiki. Karani hapa, televisheni."

"Aandike televisheni tu," nikasema haraka. "Hali yake isiandikwe."

"Nimewaandika. Hao ni watano. Wameisha?"

Andongwisye akafikiri. Mtu akishaanza kusema kweli ni shida kumsimamisha.

"Bado suti, mama."

Mkasi wa Mudathiri ukaanguka.

"Suti gani, mzee?"

"Niliyovaa siku ile. Na yenyewe si yangu. Alinipa Mudathiri."

"Basi nimwandikie Mudathiri sofa na suti."

"Hapana mama, Mudathiri hana suti." Mudathiri alikuwa anapunga mikono yote miwili kama anayefukuza nyuki, lakini mzee alikuwa ameinamia simu. "Ni ya mteja wake. Mwalimu Erasto wa mtaa wa Msasani, hapahapa Tukuyu. Aliileta ipunguzwe kiuno tangu Pasaka."

"Kumbe! Na Mwalimu Erasto ana taarifa kwamba ametoa suti?"

Tukamtazama fundi. Jasho lilikuwa limemtoka, na baridi ile. Akaivuta simu kwa adabu, akaongea taratibu kama anayesoma tangazo la msiba redioni.

"Mama Hellen, habari za kazi. Mimi ndiye fundi. Kwanza, ile picha mtandaoni, naomba muikate kuanzia shingoni kushuka chini. Pili, huyo Mwalimu ni mtu wa kutoa kimyakimya. Kimya sana. Kimya kiasi kwamba hata yeye mwenyewe bado hajaambiwa."

"Sasa kwenye fomu nimwandikeje?"

"Andika, mfadhili wa sita hapendi jina lake litajwe."

Mama Hellen alicheka mpaka simu ikakatika. Prisca akaanza kukusanya vikombe kabla kahawa haijaisha, maana yeye ndiye aliyekuwa ameangalia barabarani. Mwalimu Erasto alikuwa anapandisha kutoka Msasani, hatua ndefu, simu yake ameinyoosha mbele kwa mkono wa kulia. Kila mtu akakumbuka ana kazi nyumbani.