Kitambi Changu na Tumbo la Ngumbao

Jumatatu, 2 Februari 2026

Ngumbao amerudi bila tumbo! Alituaga kanisani kwamba anakwenda Kaloleni kumwona mamake. Leo kanipitia kibandani, ameinama kama mtu aliyedondosha sindano, akaniachia suruali tatu nizipunguze kiuno. Nikampima. Nikapima tena. Chini ya shati mkono wangu ukagusa mkanda mgumu uliomzunguka mwili.

Mgonjwa! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sababu ni Mbeyu. Mjane, mkandaji wa wazazi waliotoka kujifungua hapa mtaani Barani, na sauti yake ndiyo inayonipeleka kwenye mazoezi ya kwaya hata mvua ikinyesha. Mimi mgane, fundi cherehani, kitambi kidogo cha heshima. Nimekusudia kumposa kabla ya Pasaka. Ngumbao naye amekusudia, ingawa hajatamka. Namwona anavyomfungulia kitabu cha nyimbo.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa kwanza. Nilimnong'oneza Easter, kiongozi wa kwaya, kwamba Ngumbao ana maradhi yanayokausha tumbo na huenda yanaambukiza kwa pumzi, hasa kwa waimbaji. Nikamwomba asimwambie mtu. Hakunyamaza hata dakika tano, nami nilimtegemea kwa hilo.

Nilidhani Mbeyu atakaa mbali. Kampelekea supu! Kwaya nzima ikafuata. Kahonzi, wa sauti ya pili, kapeleka kuku mzima. Mwaka jana mimi nililala na malaria wiki nzima, nikaletewa ndizi mbili na pole ya simu. Ndizi zenyewe mbichi.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekwenda kumjulia hali. Si kupeleleza. Kumjulia hali.

Ngumbao kalala chali, magoti kayapandisha juu ya mito. Mbeyu anamkaza ule mkanda kwa mikono ile ile anayowafungia wazazi mkaja tumboni. Mwanamume mzima, kafungwa kama kajifungua jana!

Nikauliza ni maradhi gani. Akajibu bila haya kwamba si maradhi, ni upasuaji. Alipunguza unene mwaka mzima, ngozi ikabaki inaning'inia, basi daktari akaikata pamoja na mafuta na kuibana misuli iliyolegea. Kovu linatoka nyonga hadi nyonga. Kuinua ndoo, marufuku. Kunyooka, bado. Akitaka kukohoa hukumbatia mto. Mbeyu akasema jambo dogo la mzaha, Ngumbao akacheka, akalia kwa maumivu, akamsihi asimchekeshe. Wakacheka tena wote wawili. Mimi nimekaa na kikombe cha chai iliyopoa, hakuna aliyenitazama.

Watu husema nina roho ya kwa nini. Uongo mtupu. Ila nilipofika nyumbani nilishona mkono wa shati la mteja kwenye mfuko wake.

Jumatatu, 9 Februari

Mpango wa pili: nami nikatwe tumbo. Kliniki, Kilifi mjini. Daktari ni binti anayeitwa Zainab. Kaniamkia shikamoo! Nimekwenda kutafuta ujana, naanza kwa kuamkiwa.

Maswali yake hayakwisha. Je, uzito wangu umetulia? Nikasema umetulia tangu harusi yangu ya kwanza. Nina sukari? Presha? Natumia dawa gani? Navuta sigara au kunusa ugoro? Nikaapa kwamba ugoro sijawahi hata kuuona. Hapo hapo nikapiga chafya, na karatasi nyeupe aliyonipa nipenge ikageuka rangi ya kahawa. Daktari aliitazama kwa muda mrefu.

Akaniambia kwamba tumbaku huchelewesha kidonda kupona, ngozi inaweza kuoza, lazima niache wiki kadhaa kabla na baada. Kwamba upasuaji huu si njia ya kupunguza uzito, nipunguze kwanza, nikae hapo. Kwamba damu inaweza kuganda miguuni, kwamba ngozi ya tumbo inaweza kufa ganzi, na kovu halifutiki. Halafu akauliza kwa nini nautaka upasuaji huu. Nikasema mgongo. Akasema kwa upole kwamba wanaokuja kwa ajili ya mtu mwingine hurudi nyumbani na tumbo jipya na huzuni ile ile. Niende nikafikirie.

Nilikataa kufikiria. Nikamng'ang'ania muuguzi anifungulie faili. Akasema lazima jina la atakayeniuguza, maana siku za mwanzo hata kitandani sitainuka peke yangu. Hapo nikaona nuru! Nikatoa namba ya Mbeyu. Muuguzi akapiga palepale, sauti nje, ili sote tusikie.

Mbeyu akajibu kwamba angependa, lakini ana mgonjwa. Muuguzi akauliza mgonjwa huyo ataachiliwa lini. Mbeyu akasema huyu haachiliwi tena, kwa sababu jana jioni mgonjwa mwenyewe amemposa, naye Mbeyu amekubali.

Muuguzi akaniuliza kama nina jina jingine. Nilisema sina. Nikaumwa mahali ambapo hakuna kisu kilichopita.

Jumapili, 15 Februari

Ndoa imetangazwa. Makofi. Mimi pia nimepiga, kwa vidole viwili.

Baada ya ibada nimemwendea Mbeyu, nikamuuliza wazi: ni lile tumbo? Akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema yeye alimkataza Ngumbao asijisumbue, lile la zamani alilizoea. Ila kumshika mkono kila akiamka, kumsikia akilia bila kuficha, akimsimulia hofu zake zote, ndiko kulikomvuta. Ngumbao hakumdanganya yeye hata jambo moja; hata ile safari ya Kaloleni, alimwambia mapema kwamba ni ya daktari. Akanishauri niache ugoro, na niache kuchungulia sahani za watu, kwani mimi si mbaya hata kidogo, kitambi na yote.

Maneno mazito. Nimeyatafakari njia nzima mpaka nyumbani, na nimeelewa. Siri haikuwa tumbo. Siri ni kuuguzwa!

Na Kahonzi, sasa nakumbuka, hana mume, na alitoa kuku mzima kwa mtu asiyemhusu.

Kesho alfajiri nakwenda Kilifi. Nitamuuliza Daktari Zainab ni upasuaji gani unaouma kidogo lakini unaonekana kuuma sana.